Tangi la Mheshimiwa

Fundi Vioo hakuwa mtu wa kubabaishwa na kioo. Madirisha ya nusu ya mtaa yalikuwa yamepita mikononi mwake, na hata akienda kumjulia hali mgonjwa, macho yake huanza kwanza kwenye fremu ya dirisha ndipo yamshukie mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo siku binti yake alipokuja na kisamaki ndani ya mfuko wa nailoni, akasema kinaitwa arowana na kikikua kitakaribia urefu wa mguu wa mtu, Fundi alicheka tu. Tangi ni kitu gani? Ni vioo vitano na gundi ya silikoni.

Samaki huyo binti alimleta kwa ajili ya mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kulia, na maneno kikamwachia machache, naye hata hayo machache akagoma kuyatumia. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akigombana na redio mpaka majirani wanauliza kuna nini. Sasa alikuwa akikaa kimya kwenye kiti cha magurudumu, ameelekezwa dirishani. Fundi alimpenda mkewe kupita kiasi, na mapenzi yake yalikuwa ya kifundi: alikuwa amemzungushia makochi, meza na kabati kubwa la vyombo, ili akiyumba, upande wowote ule, akutane na kitu cha kushika.

Tangi la kwanza lilikuwa dogo, la kuwekwa kwenye kistuli kando ya kiti. Samaki alizunguka humo, kidevu juu, sharubu mbili mbele, anawatazama watu kama waliokuja kuomba kazi. Mama akamkazia macho kwa muda mrefu, midomo ikamcheza, kisha akatamka: "Mheshimiwa."

Binti aliangua kilio. Fundi akatoka nje, akajifanya anatafuta nyundo.

Tangu siku hiyo mama akawa na mtu wa kuzungumza naye. Asubuhi alimsalimu Mheshimiwa, mchana alimsuta kwa ulafi. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa kudokoadokoa, lakini yalikuwa yakitoka. Na Mheshimiwa naye alikuwa akikua kama aliyewekewa dau. Mkia ukaanza kugusa kioo, ikabidi Fundi ashike kazi.

Akatengeneza tangi ambalo hata mimi ningelisifu. Kingo zimesuguliwa zikateleza, silikoni imenyooka kama uzi, hakuna tone linalovuja. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la mtu aliyefunga madirisha maisha yake yote: alilipandisha juu. Lilikuwa refu kwenda darini na jembamba kama rafu ya vitabu. Majirani walikuja kulitazama, na Fundi akatembea kifua mbele wiki nzima.

Ndipo muuza samaki, yule aliyemuuzia binti, akapita kumwona Mheshimiwa. Alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Fundi, hapa umemjengea twiga?"

"Kwani lina nini?"

"Huyu hana habari na kwenda chini. Anaishi juu juu ya maji, anakwenda mbele na kurudi. Anachotaka ni urefu, na zaidi ya urefu, upana. Akifika mwisho ageuke bila kujikunja. Akijikunja kila siku, mgongo unapinda, na ukishapinda haunyooki tena."

"Sasa akimaliza kukua atahitaji tangi la kiasi gani?"

"Urefu futi nane, upana futi tatu. Kimo wala usihangaike nacho, ila kifuniko kiwe kizito, maana wanaruka hawa. Kama nafasi hakuna, mwisho wa mwezi nitakuja na beseni nimchukue. Dukani nina bwawa."

Binti alitazama sebule, akatazama baba yake. "Baba, tusidanganyane. Futi nane zitakaa wapi? Bora aende angali mzima."

Mama alikuwa amesikia yote. Jioni hiyo hakugusa chai, wala hakumsemesha mtu, hata Mheshimiwa hakuambulia neno. Kimya kile cha zamani kilikuwa kimerudi nyumbani, na Fundi alikiogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Kesho yake hakwenda kazini. Alipima sebule kwa futi yake, akapima tena. Ukuta wenye nafasi ulikuwa mmoja tu, ule wenye kabati la vyombo na kochi kubwa. Lakini hizo ndizo ngome za mkewe, angeziondoaje? Akakaa sakafuni karibu na kiti, amechoka, wakawa wanamtazama samaki wote wawili. Mheshimiwa alikwenda mpaka mwisho, akajipinda, mkia ukakwaruza kioo, akajivuta mpaka akarudi.

"Hageuki," mama akasema.

"Naona, mke wangu. Nimemkosea."

Mama akapiga gurudumu la kiti kwa mkono wake wa kushoto. Gurudumu lilisogea kidogo, likagonga kochi. Akalirudisha nyuma, likagonga kabati.

"Na mimi," akasema. Akavuta pumzi, akayatafuta maneno moja moja. "Ukiingia... nasikia mlango. Sikuoni. Nangoja... uje mbele."

Fundi alitazama kochi, akatazama kabati, vitu alivyovipanga kwa mikono yake kwa upendo wote aliokuwa nao. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Kisha akaikunjua futi, akapima kiti cha mkewe kutoka sehemu ya miguu mpaka vishikio vya nyuma, kama vile alivyopaswa kumpima samaki tangu mwanzo.

Kochi alipewa jirani. Kabati likaenda kwa binti, aliyelalamika, "Baba, si la harusi yenu hili?" na kujibiwa kwamba vikombe havijawahi kuomba nafasi ya kugeuka. Tangi jipya likakaa ukutani, la chini na pana, nusu ya maji yake yametolewa kwenye tangi la zamani ili Mheshimiwa asishtuke. Mwisho wa mwezi muuza samaki alifika na beseni lake. Akamtazama Mheshimiwa akienda, akigeuka kwa raha zake, akirudi. Akaliweka beseni kichwani na kujiondokea.

Siku chache baadaye Fundi alichelewa kurudi kutoka kazini. Aliposukuma mlango, kabla hajavua viatu, alisikia magurudumu. Kiti kilikuwa kikizunguka pale katikati ya sebule, taratibu, kwa mkono mmoja na mguu mmoja, mpaka mkewe akamwelekea uso kwa uso.

"Saa ngapi hizi?" akauliza. "Chakula kimepoa. Na viatu... hapo, hapo! Sakafu imepigwa deki."

Fundi alisimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa begani, akagombezwa mpaka akashiba.