Shujaa wa Bandani

Juzi nilinusa nyasi kavu zikishushwa kwa lori, nikajikuta tena mtoto kule kwetu Dundori, Jumapili moja ya baridi. Tulikuwa tumetoka kwa jirani kutazama katuni, na sasa tulikuwa uani tukiiigiza. Kaka yangu na wavulana wenzake waligawana mashujaa wote.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utaokolewa," kaka akasema. "Msichana ni mmoja tu kwa hiyo filamu."

Wakanifungia bandani kwa ng'ombe, kisha wakaanza kubishana ni nani ataniokoa. Nilingoja nyasi zikinichoma miguu, hadi nikachoka. Nikapanda mbao za ukuta, nikaruka nje.

"Hiyo haiko kwa filamu!" wakapiga kelele.

"Sasa iko," mama akasema, akianua nguo.

Kaka akaingia bandani mwenyewe, akaniita nimwokoe.