Barua ya Mashine ya Kufulia

Mti wa mkulo ukipigwa randa hutoa harufu ya kafuri, na kwangu hiyo ni harufu ya mwaka niliokuwa darasa la sita, kijijini kwetu juu ya Lushoto, njia ya kwenda Shume. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, na maji ya kijito yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza mifupa ya vidole. Nyuma ya zahanati, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, wanawake wanane wa kikundi cha ujamaa walifua mashuka ya wagonjwa kwa mashine. Tuliiita mashine ingawa haikuwa na umeme wala injini. Ilikuwa pipa la mbao lenye miguu mitatu na mfuniko wa chuma. Ukisukuma mkono wake mbele na nyuma, kigoda chenye vijiti vinne kilizunguka ndani na kuyapigapiga mashuka. Juu ya pipa palikuwa na roli mbili za mpira zilizobanana. Shuka likipitishwa katikati lilitoka limekamuka. Mzungu mmoja mkulima wa matunda aliiacha alipoondoka baada ya Uhuru, na kijiji kilipoanzishwa ikawa mali ya wote.

Mama ndiye aliyeijua kuliko wenzake. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba, na kukamua kwa mkono kulimtesa. Roli zile zilimpumzisha. Lakini mwaka ule mpira ulipasuka na gia ikang'oka meno mawili. Wanawake walikaa mara tatu kujadili waitengeneze au waombe nyingine. Mama Eliza, kiongozi wa kikundi, mwenye ulimi usiolala, alitaka mpya. "Hata marehemu bibi yangu alikufa na meno mengi kuliko gia hii," alisema. Mama alishikilia kwamba mgonjwa hutibiwa kwanza. Mwishowe walikubaliana kuiandikia ofisi ya wilaya kuomba roli na gia tu, na wakati wakisubiri, Fundi Shemdoe, seremala wa Shume, awachongee roli za mkulo, mti ambao hauogopi maji.

Mwandishi wa barua nilikuwa mimi. Wale wanawake walizungumza Kishambaa. Kiswahili walikisikia kanisani na mikutanoni, ila kukiandika hawakuweza. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na sifa za mwalimu. Nilikuwa pia na donda langu. Shuleni wenzangu walinitania, "Mama yako bado anamfulia mzungu, tofauti ni kwamba mzungu mwenyewe hayupo." Tulikuwa tumeimba sana juu ya nchi mpya, na lile pipa lilinitia aibu. Katika gazeti moja la zamani nilikuwa nimeona picha ya mashine nyeupe yenye dirisha la mviringo, mwanamke amesimama kando yake akitabasamu, mikono mikavu. Niliitaka ile kwa ajili ya Mama. Hilo ni kweli, lakini nimejichunguza miaka mingi na sijaweza kujua ni kiasi gani niliitaka kwa ajili ya Mama na kiasi gani kwa ajili yangu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Umeme ungetoka wapi, sikujiuliza.

Walinitajia maneno yao kwa Kishambaa, nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati. Niliandika kwa Kiswahili kwamba mashine imekufa kabisa, haifai kutengenezwa, tunaomba mpya. Mama akasema, "Soma tusikie." Nikaisoma kwa Kishambaa, nikitazama karatasi, na nilichosoma ni yale waliyosema wao: roli mbili, gia moja, ahsanteni. Sauti yangu haikutetemeka. Mama Eliza akatikisa kichwa na kusema mtoto huyu atakuwa karani. Kisha wakaweka madole gumba kwenye wino, Mama akiwa wa kwanza. Alikibonyeza kidole chake taratibu, akakizungusha kidogo kama tulivyoelekezwa, akakiangalia alichokiacha kwenye karatasi, akafurahi. Nakala iliyotoka chini ya kaboni aliikunja na kuiweka kwenye kopo lake la bati, pamoja na cheti cha ubatizo.

Lori la wilaya lilikuja baada ya mvua za masika. Wakashuka wanaume wawili. Mmoja, kijana mwenye adabu, aliwaamkia akina mama shikamoo, halafu akauliza mashine iliyokufa iko wapi.

"Haijafa," Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha kusitasita. "Inaumwa tu."

"Barua yenu inasema imekufa, mama. Na hili hapa ni dole lako. Mimi siwezi kubishana na dole lako."

Alisema mpya itafuata, siku ikijulikana tutaarifiwa. Mama alinigeukia, akaniuliza kwa Kishambaa kama wamekosea barua. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nakumbuka dereva alikuwa bado anatafuta kamba. Nikajibu, "Labda huko ofisini wameelewa vibaya." Wakalipakia pipa, miguu mitatu ikiangalia juu.

Siku ya tatu Fundi Shemdoe alifika kwa miguu kutoka Shume, gunia begani. Alitoa roli mbili laini kama mifupa, zikinukia kafuri. "Nimeleta miguu ya mgonjwa," alisema. "Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Kazikwa mzima mzima," Mama Eliza alimjibu. Mama hakucheka. Alizipokea roli kwa mikono miwili, akamshukuru mzee yule, akamkaangia mahindi ya njiani.

Mashine mpya haikuja. Walifua kijitoni, na Julai mashuka yale mazito Mama aliyakamua kwa vidole vilevile. Baada ya miaka michache alikuwa hawezi kufunga ngumi. Kabla ya hapo lilianza darasa la watu wazima, naye alihudhuria kila alasiri bila kukosa. Siku moja jikoni alifungua kopo lake, akatoa ile nakala, akaisoma kwa sauti, silabi moja moja, kidole kikifuata mstari: ma-shi-ne i-me-ku-fa ka-bi-sa. Alifika hadi mwisho. Akaikunja kwenye mikunjo yake. "Sasa najua kusoma," alisema, akachukua ndoo na kutoka. Sikumfuata.

Elimu yangu ya shule iliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, na nilipopata nyumba mjini Lushoto nilinunua mashine nyeupe yenye dirisha la mviringo. Mama aliishi nami miaka yake ya mwisho. Alipenda kuketi mbele ya mashine hiyo kanga zake zikizunguka, mikono mapajani, vidole vimepinda. Mara moja tu, bila kunitazama, aliniuliza, "Ndiyo hii uliyoiomba?"

"Ndiyo, Mama," nilijibu.

Sasa nayo imezeeka. Inavuja, inarukaruka, na wiki iliyopita ilisimama katikati ya kazi. Wanangu wanasema ninunue nyingine. Fundi wa hapa mjini anasema mota imeungua na spea zake ni shida. Huenda wana haki. Siku hizi kitu kikisimama kinabadilishwa, na hakuna anayetembea kutoka Shume na gunia begani. Roli moja ya Fundi Shemdoe ninayo. Ukiisugua bado inanukia. Nimemwambia fundi atafute mota hadi Jumamosi. Akiikosa, nitaichunguza mwenyewe, kipande kwa kipande, na kama imekufa, nitasimama pale wakati wa kuipakia, na atakayesema kwamba imekufa nitakuwa mimi.