Jino la Mbele la Minza

Harufu ya mafuta ya karafuu ilinipokea mlangoni wiki iliyopita, nilipokwenda kuzibwa jino hapa Bariadi mjini. Daktari alinieleza polepole: tuweke dawa hii ya rangi ya jino, ila usilivunjie vitu vigumu, piga mswaki kabla ya kulala, kisha urudi nilitazame. Nilimsikia kwa mbali. Mawazo yalikuwa yameshafika kwa dada yangu, Minza.

Utotoni tulikuwa tukikaa Lagangabilili, pamba imepasuka, mama anashinda shambani. Minza alikuwa msichana wa kwaya, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Jino lake la mbele likatoboka. Mama alimwekea karafuu, wapi! Hata maji ya mtungi yakawa yanamliza. Baba akatupakia sisi wawili kwenye bodaboda, mimi nimebanwa katikati kama mzigo, hadi mjini.

Daktari wa siku hiyo alikuwa kijana mpole. Alichungulia, akatabasamu.

"Hili linazibika, mzee."

"Ling'oe," baba akasema.

"La mbele, mzee? Mbona bado lina nguvu?"

"Ling'oe, liishe."

Sisi wa nyumbani tulijua sababu. Baba naye aliwahi kuzibwa, dawa ya muda tu, akaambiwa arudi awekewe ya kudumu. Maumivu yalipotulia akajiona amepona, akaendelea kutafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa upande uleule. Dawa ikadondoka. Jino likaoza chini kwa chini, akaugulia mpaka shavu likavimba na kuziba jicho. Tangu hapo, kwake yeye, kuziba jino ulikuwa ulaghai wa watu wa mjini.

Daktari akamgeukia Minza. "Na wewe unasemaje?"

Minza akainamisha macho. "Alivyosema baba."

Jino likang'olewa. Nyumbani nilimwomba anionyeshe pengo, nikacheka sana. Hakunionyesha tena. Jumapili aliimba kiganja kikiwa mdomoni. Baadaye akahamia mstari wa nyuma, kisha akaacha mazoezi kabisa. Kile kicheko nacho kikawa kinaishia kooni. Nami nikamlaumu baba kimoyomoyo kwa miaka mingi, nikimwona mkaidi tu.

Baba alikuwa ameshafariki siku niliyopata ujasiri wa kumuuliza Minza. Tulikuwa jikoni kwake Somanda, tukichambua mlenda.

"Ulitaka kuzibwa. Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Lakini baba alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo karibu nao, na nilichosikia ni ukali wa sauti tu. Kumbe mzee wangu aliogopa, aliogopa mwanawe asije akaugua kama yeye. Daktari hakujua habari za jino la baba, na kati yetu watatu hakuna aliyemweleza. Angezijua, angemwambia: mzee, lako lilidondoka kwa sababu hukurudi, huyu tutamfuatilia. Maneno yenyewe ni hayo tu, na baba alikuwa mtu wa kuelewa akielezwa.