Kilo za Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kupiga makofi. Msicheke. Katika jengo la watoto la hospitali yetu ya Elisabethville, mji ambao ninyi mnauita Lubumbashi, ilikuwa asubuhi ya pesée, yaani ya kupima watoto uzito. Akina mama walijipanga mbele ya mizani, na kila mtoto aliyeongezeka kilo alipigiwa makofi na wote waliokuwepo. Aliyepungua hakupigiwa chochote, na mama yake aliondoka akitazama sakafu. Desturi hiyo aliianzisha Mama Soeur, mtawa mfupi mwenye miwani, mkubwa wetu, aliyeiamini mizani karibu sawa na Injili. Mimi nilikuwa binti wa mtu wa reli. Wazee wangu walitoka kaskazini mwa Katanga, lakini nilikulia Sakania, mpakani, baba alikofanya kazi kwenye gari la moshi. Nilikuja mjini na diploma mpya ya msaidizi wa muuguzi na gauni jeupe lililonikaba shingo, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Katika mstari ule alikuwemo Mama Ngalula. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na Ngalula ndiye alikuwa mtoto: kasichana kembamba, macho makubwa, bado ananyonya. Walikuwa watu wa Kasai, jimbo jingine la Kongo, na baba yake alikuwa karani wa duka katikati ya mji. Wiki baada ya wiki mama huyo alikuja na hakuna aliyempigia makofi. Siku ile mshale wa mizani uliruka. Mama Soeur alipaza sauti, "Bravo! Makofi, mademoiselle, makofi!" Sote tukapiga, na Mama Ngalula akacheza hapohapo, kitenge kikimwanguka begani.

Docteur alikuwa akipita. Ndiye daktari mkuu wa watoto, Mbelgiji mrefu asiyependa maneno, aliyekaa mtaa wa Golf kwenye majumba makubwa lakini akaja kazini kwa baiskeli, jambo lililowaudhi majirani zake. Alisimama. Akamweka mtoto mezani, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, mahali pa ini, akakiacha hapo. Kisha akabonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki.

"Mama," alisema, "hii haina mafuta. Ni mayi." Yaani si unene, ni maji.

"Mayi ya wapi, Docteur? Mutoto anakunywa maziwa yangu tu!"

"Moyo yake iko nachoka. Mayi inabakia mu mwili."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mama Ngalula alituangalia mmoja mmoja, kana kwamba tumemnyang'anya kitu mkononi, na mimi nilitamani kukimbia kurudi Sakania siku hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Tunaposema moyo umeshindwa, hatusemi umesimama. Unapiga, tena unapiga mbio, ila kazi imeuzidi. Mtoto huyo alizaliwa na kasoro. Akiwa tumboni mwa mama, mtoto hapumui, kwa hiyo damu haina haja ya kwenda yote mapafuni. Kuna kijishipa kinachounganisha mshipa mkubwa wa mwili na ule wa mapafu, damu ipite njia ya mkato. Mtoto akishazaliwa na kulia, njia hiyo hujifunga yenyewe. Ya Ngalula haikujifunga. Basi damu iliyokwisha safishwa, badala ya kwenda kulisha mwili, nyingi ilirudi tena mapafuni. Mapafu yakajaa, moyo ukafanya kazi ya mioyo miwili, na mwishowe ini likavimba na miguu ikashika maji.

Docteur alinipa kifaa chake cha masikioni nimsikilize mtoto. Nilisikia mngurumo usiokatika, kama mashine ya kiwandani iliyoachwa inazunguka. Ukiweka kiganja kifuani ulihisi mtetemo. Na mshipa wa mkono wake uligonga kidole kwa nguvu ambayo hukuitarajia kwa mtoto dhaifu hivyo. Halafu akanionyesha yale ambayo hayahitaji kifaa. "Angalia namna ananyonya," alisema. Nikaangalia. Ngalula alinyonya kidogo, akaacha ili apumue, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akanyonya tena. Mtoto anayetoka jasho kwa kunyonya tu, nyinyi wauguzi wa leo, msimpeleke nyumbani.

Tiba yetu ilikuwa ya vitu vichache. Tulimlaza ameinuliwa kifua. Tulimpiga sindano ya kukojoza. Chakula hakikuwa na chumvi, kwani chumvi hukamata maji mwilini. Na tulimpa matone ya digitali, dawa ya moyo itokayo kwenye mmea. Digitali huufanya moyo upige kwa nguvu na kwa utulivu, lakini nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba. Ikizidi, mtoto hutapika, moyo huenda polepole mno, kisha unaweza kusimama. Ndiyo maana kabla ya kila tone tulihesabu mapigo kwa saa. Yakishuka chini ya mia kwa dakika, chupa ilirudi kabatini.

Maji yakatoka na mizani ikashuka. Mama Ngalula alilia. "Muko munarudisha mutoto wangu nyuma!" alimwambia Mama Soeur. Na Mama Soeur, aliyewazoesha wanawake wa mji mzima kulilia kilo, ikambidi amkalishe na kumweleza kwamba safari hii kupungua ndiyo habari njema. Nilimwonea huruma, maana hata yeye mwenyewe hakuonekana kuamini sana.

Dawa haifungi mshipa. Docteur alilisema hilo waziwazi: matone yanampa muda tu, kinachotakiwa ni uzi. Mpasuaji hufungua ubavuni, anakipata kile kijishipa, anakifunga kwa uzi wa hariri, basi. Lakini mpasuaji wetu alikuwa amekwishakimbilia Ulaya mambo yalipoharibika, na Docteur hakuwa mtu wa kisu. Akamwandikia rafiki yake aliyepasua watoto huko kusini, ng'ambo ya mpaka, nasi tukasubiri.

Ilikuwa miaka ambayo Katanga ilijitenga na Kongo. Mji ulikuwa na bendera yake na askari wake, na baadaye risasi zake. Watu wa Kasai waliambiwa si wa hapa, hata waliozaliwa hapa. Mimi nami sikuwa na amani, kwa sababu watu wa kaskazini kwa wazee wangu walikuwa wakipigana na serikali ya mji, na mtu akisikia jina la ukoo wangu alininyamazia. Siku moja nyumba ya akina Ngalula ilivamiwa. Walikimbilia kambini, nje ya mji, ambako maelfu ya watu wa Kasai walijenga vibanda vya magunia chini ya ulinzi wa askari wa kigeni wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu. Kabla hawajaenda, mama alipita hospitali kuomba dawa.

Docteur alikataa. "Bila saa, bila kuhesabu? Ni sumu," alisema.

"Na bila dawa?" aliuliza mama.

Aliyejibu ni Mama Soeur. Aliushika mkono wa mama, akakiweka kidole chake upande wa ndani wa kiwiko cha mtoto, penye mshipa. Mkono wa pili akauweka kwenye shingo ya mama mwenyewe.

"Unasikia yote mbili? Yako iko natembea, yake iko nakimbia. Vile ndjo muzuri. Siku yake inaanza kutembea sawa na yako, hapana kumupatia dawa. Hata akilia, hata bantu baseme nini. Unamuleta apa mbio."

Docteur alifungua kabati la dawa. "Pas bête, ma soeur," alisema, yaani si upuuzi. Akatoa chupa.

Kwa muda mrefu hatukupata habari. Kulipigwa mabomu, barabara ya kambini ikafungwa, nasi tulipima watoto wachache waliofika na kupiga makofi yasiyo na furaha. Nilimfikiria Ngalula kila nilipofungua kabati la dawa. Kambini waligawiwa makayabo, samaki mkavu wa chumvi, na nilijua chumvi hiyo itamfanya nini akilambishwa mchuzi. Niliogopa kuuliza, nisije nikasikia jibu.

Halafu asubuhi moja lori la kofia za buluu lilisimama langoni, na Mama Ngalula akashuka na mtoto mgongoni. Ngalula alikuwa amelegea, midomo mikavu, matapishi kwenye kitenge. Mkono wa mama ulikuwa bado umeshika kiwiko cha mtoto. Docteur alihesabu mapigo, akahesabu tena, akauliza alikunywa dawa lini.

"Hakunywe," mama alisema. "Anatapika, anachoka, bamama ya kambi yote banasema: mupatie, ongeza hata! Bwana yangu naye anasema nimupatie. Mi naweka kidole. Moyo yake iko natembea na yangu, pole pole, pamoja. Ndjo nikaficha chupa." Akaushika mkono wa Docteur. "Docteur, mi nilimunyima dawa. Kama anakufa, ni miye nilimuua?"

Docteur, ambaye sikuwahi kumwona akikaa mbele ya mgonjwa, alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kama ulimupatia," alisema, "sasa vile tuko tunazika."

Mwili mdogo ulikuwa umekusanya dawa kupita kiasi, kwa vile mtoto alikuwa amekonda kambini na matone yalikuwa yaleyale. Tulingoja itoke. Moyo ukaanza kukimbia tena taratibu, na matone yakarudi, safari hii machache. Na jibu la kusini lilikuwa limefika: mleteni.

Mimi ndiye niliyewasindikiza kwa treni hadi Sakania, nikiwa na laissez-passer, yaani hati ya kupita, ya Docteur mfukoni na moyo wangu mwenyewe unakwenda mbio. Baba alitungoja stesheni akiwa na kofia yake ya reli, akijifanya ana kazi pale. Askari wa mpakani alisoma karatasi, akamtazama mama.

"Weye ni wa Kasai," alisema. "Munakimbia?"

"Iko napeleka mutoto ku docteur," nilimjibu mimi. "Iko na bugonjwa ya moyo."

"Bote banasema vile."

Sikujua la kufanya, basi nikamfungua Ngalula nguo na kumwambia askari aweke mkono kifuani. Aliuweka kwa dharau. Kisha akautoa haraka. "Ni nini inatetemeka mule?"

"Ni moyo, chef."

Alikuwa kijana, pengine naye alikuwa na mtoto kwao. Alitazama mbavu zile zikipanda na kushuka, akarudisha karatasi. "Pandeni," alisema. Baba alipuliza filimbi hata kabla ya wakati wake. Ng'ambo watawa wengine waliwapokea, nami nikarudi kazini.

Walirudi baada ya wiki nyingi, wakaja pesée kama watu wote. Ngalula alikuwa na kovu refu chini ya kwapa la kushoto na hasira ya mtoto mwenye nguvu. Mama Soeur alimweka kwenye mizani. Mshale uliruka. Mikono ya Mama Soeur ikapanda, ikakwama hewani, naye akamgeukia Docteur. Ukumbi mzima ulingoja, viganja vimeinuliwa. Docteur akapapasa chini ya mbavu. Akabonyeza mguu, akatoa kidole, akachungulia. Akaweka kifaa chake kifuani na kusikiliza muda mrefu mno. Ule mngurumo haukuwepo.

"Basi pigeni," alisema.

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Mama Soeur alipiga mpaka miwani ikaanguka, na mimi nililia bila aibu.

Haikupita muda, watu wa kambi wakapakiwa kwenye magari kurudishwa Kasai, nchi ambayo wengi hawakuijua. Nilikwenda kuwaaga. Mama Ngalula alikuwa amekaa juu ya mizigo yake, mtoto mapajani, kidole kimoja ndani ya kiwiko cha mtoto na mkono wa pili shingoni mwake mwenyewe.

"Acha sasa, mama," nilimwambia. "Alishapona."

"Minajua," alisema. "Ni mukono ndjo haijue."

Sikuwaona tena. Miaka ilipopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Kasai aliniletea salamu kwamba Ngalula anasoma na anawapiga kaka zake. Mimi nilipelekwa zahanati ya Sakania, nikafanya kazi chini ya Monsieur l'Infirmier-chef, muuguzi mkuu aliyependa sare kuliko wagonjwa, nikaenda Likasi, nikarudi Lubumbashi na kufundisha wasichana mpaka nilipostaafu. Wakubwa wangu niliwapata wengi. Walionifundisha moyo ni watatu, na mmoja wao alikuwa mama wa kambini.

Leo ninyi mnautazama moyo kwenye kioo ukicheza kama sinema, na nafurahi. Lakini bado bonyezeni mguu. Mwaka huu, baada ya kukonda sana, nilipanda mizani ya nyumbani na binti yangu akashangilia, "Mama, unanenepa!" Hata majirani wakapiga makofi. Nilivuta kitenge, nikabonyeza muundi kwa kidole gumba, chini ya goti, penye mfupa. Shimo likabaki. "Haina mafuta," niliwaambia, "ni mayi. Muniite taksi."

Nami sasa nanywa dawa ya moyo, ukoo mmoja na ile ya Ngalula. Daktari wa siku hizi amenipa mashine ya kuhesabu mapigo, lakini betri zake huisha, na binti yangu nimemfundisha njia nyingine. Kila asubuhi anaweka kidole kwenye kifundo cha mkono wangu na kingine kwenye shingo yake, anafumba macho. Kwa mtoto tulitaka moyo ukimbie uuache wa mama nyuma. Kwa mzee kama mimi si hivyo: wangu ukienda sawa na wake ni salama, ukibaki nyuma hakuna dawa.

"Yangu iko natembea na yako?" namuuliza.

"Inatembea, mama. Pamoja."

"Basi leta dawa."