Kanga ya Kitanda cha Sita

Siku yangu ya kwanza wodini, mimi mhudumu wa usafi mwenye darasa la saba, muuguzi mkuu alinisikia nikimwambia mgonjwa kuwa moyo ndio unaopenda. Akacheka. "Wewe Mluguru, moyo ni pampu! Mapenzi yamo kichwani, kwenye ubongo. Haya, shika dekio." Sikubisha. Kuamini pia sikuamini.

Miaka ikaenda. Akaletwa kitanda cha sita mzee wa Matombo mwenye kiharusi, yaani mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Maneno yalimpotea yote. Hata mkewe, Bibi Asteria, mzee alimtazama kama mpita njia. Baada ya siku nne bibi akarudi kijijini kuokoa mdalasini wake usiozee mvuani. Aliacha kanga yake, inanukia mdalasini. "Mwanangu, nitunzie mzee wangu."

Mzee hakula mpaka nimfunge ile kanga shingoni. Akishaivuta puani, anafungua kinywa. Daktari akanieleza kwamba harufu ina njia yake fupi ubongoni, inapita karibu na panapokaa kumbukumbu na upendo. "Jina la mkewe limepotea," alisema, "lakini mkewe bado yumo." Nilielewa nusu, labda robo.

Ikafika siku ya usafi mkuu. Kila kitambaa hulowekwa kwenye klorini, dawa ya kuua vijidudu, kisha hufuliwa kwa sabuni. Sheria ilikuwa njema, nisiisingizie. Na ile kanga nayo nikaifua. Nilikuwa nawaza ukaguzi tu.

Mchana nikamfunga kanga shingoni. Akaivuta. Akaivuta tena. Akageukia ukutani, uji ukapoa. Nilikimbia sokoni kununua mdalasini, nikausugua kwenye kanga. Hakugeuka, haukuwa wa mkewe. Wakamwekea mpira wa kulishia, nao ukapitishwa puani.

Barabara ya Matombo ilikuwa imekatika kwa mvua. Bibi alifika siku moja baada ya mzee kufariki.

"Usijibebeshe lawama," muuguzi mkuu aliniambia. "Ni kiharusi cha pili, daktari kaandika." Huenda. Yeye kasoma, mimi sikusoma.

Bibi Asteria aliipokea kanga, akainusa. "Umeifua ikatakata. Mungu akulipe, mwanangu."

Nilikusudia kumwambia. Nikaitika, "Amina."

Sasa nimestaafu, niko Mlali na mchicha wangu. Nyie mnaoanza kazi hii, fueni, lakini muulize kwanza kitambaa ni cha nani. Nasikia bibi bado yu hai. Magari ya Matombo yapo kila siku. Sijapanda hata moja.