Ulimi Wangu na Chupa ya Pino Nwa

Jamani, leo ulimi wangu umenifukuzisha kazi.

Bwana mkubwa mpya wa shamba la mkonge alifungua mvinyo wa Kifaransa, ule wa zabibu za pino nwa. Akainua glasi dirishani. Rangi nyepesi, vidole vyake vinaonekana ng'ambo.

"Hiza! Umetia maji!"

Mzee Hiza ndiye mpishi na mshika funguo za stoo.

"Wallahi bwana, sijaugusa."

"Fungasha. Leo hii."

Mimi nimesimama na sinia. Mnanijua: Tanga hadi Pangani hakuna anayenishinda kuonja. Tembo la mnazi likitiwa tone la maji, nalijua kabla halijafika kooni. Linateleza tu, haling'ang'anii ulimi.

Nikaomba nionje.

Ukang'ang'ania, jamani! Zambarau mbivu, kisha udongo ulionyeshewa.

"Hauna maji, bwana. Rangi yake ndiyo hiyo siku zote."

"Siku zote? Wewe umejuaje?"

Hapo nikakwama. Uongo ninao mwingi, nyinyi ni mashahidi. Lakini Mzee Hiza alikuwa ananitazama. Mngesema nini?

"Bwana aliyetangulia alikuwa nao. Mabaki ya glasi nikiyamaliza mimi. Miaka sita."

Akaonja tena, polepole. Akamrudishia Hiza funguo. Mimi akanionyesha mlango.

Mzee Hiza alinifuata hadi nje, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa najua, mdogo wangu," akasema. "Miaka yote sita."