Mwanafunzi wa Kumi na Nne, Nyantakara

Siku ya kwanza kazini Biharamulo niliripoti nikiwa na shahada ya chuo kikuu, suruali iliyonyooshwa, na akili ya mtu aliyesoma vitabu vingi kuhusu wakulima. Afisa Elimu ya Watu Wazima wa Wilaya alinikabidhi baiskeli na vituo vya Nyantakara.

"Msomi," alisema, "nenda kawatazame wanaosoma."

Nilikuwa mratibu, mkaguzi wa rejista za kisomo chenye manufaa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa mambo ya shambani. Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma. Wengi walikuwa akina mama, Wasubi wenyeji na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Wanaume walikuwa wachache, na vita vya mpakani vilipoanza wakapungua zaidi.

Mwanafunzi wa kumi na nne, Mama Kulwa, alinisumbua. Mumewe mgambo alikuwa vitani, naye hakukosa darasa hata siku moja. Ila kwa mujibu wa rejista, wiki hii alisoma aya nzima, wiki iliyofuata akashindwa silabi, kisha akapata hesabu zote. Badala ya kupanda baiskeli, niliandika taarifa ndefu juu ya usahaulifu wa mtu mzima wakati wa vita, nikapendekeza aondolewe kwenye mtihani.

Afisa aliisoma yote. "Huyu mama umemwona?"

"Bado, mzee."

"Basi kamsimamie mtihani wewe mwenyewe."

Nikaenda. Nilipoita nambari kumi na nne, walisimama wanawake watatu.

Nikamgeukia mwalimu, binti aliyemaliza darasa la saba.

"Uliuliza mahudhurio, Bwana Mratibu," akasema. "Watu hukuwauliza."

"Shikamoo," nikamwambia mkubwa wao.

"Marahaba. Mama Kulwa ni mimi. Hawa wake wenzangu. Mliandika jina moja kila kaya, na mume hayupo, basi tunakuja kwa zamu. Tukija wote, ng'ombe atawachunga nani? Wewe?"

"Mngesema, mama."

"Tumwambie nani? Wewe tunakuona leo."

Darasa likacheka. Lakini jina lilikuwa moja, na asiyefanya mtihani siku ile angesubiri mwaka mzima. Mama Kulwa akamsukuma mdogo wao. "Keti wewe, una kichwa."

"Dada, kusoma si umenifundisha wewe?" Akagoma kukaa.

Mkononi nilikuwa na karatasi za mtihani zilizobaki za wanaume waliokwenda vitani. Nikaongeza majina mawili kwenye orodha, bila idhini ya mtu, nikawaketisha wote watatu.

Afisa alisikiliza kisa chote, akaitazama orodha niliyoichafua. "Na ng'ombe siku hiyo waliachiwa nani?"

"Mwenyekiti wa kijiji, mzee."

Akatia sahihi.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, nikapanda cheo, nikastaafu. Nadharia zangu zimenitoka karibu zote, wala sizililii. Wanawake wale walinisamehe taarifa ambayo hawakuijua, na kila mkuu niliyemtumikia baadaye alifaidi aibu niliyoipata kwao. Nawashukuru.

Matokeo ya mtihani ule niliyapeleka mwenyewe. Wake wadogo walikuwa wamefika hatua ya tatu. Mama Kulwa aliangushwa na kuandika. Nilianza kumpa pole kwa maneno ya kitaalamu, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nitarudi darasani," akasema. "Sasa zamu zote zangu. Ng'ombe wamepata wachungaji wawili wenye vyeti."